Sheria ya Macho Safi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Walikuwapo wengine waliostahili cheo hicho, na nitawataja, lakini wao walikuwa na sheria ya kujifichia. Mimi sikuwa na kisingizio. Nimezibua mitaro ya mji wetu kwa miaka kumi na tisa, kumi na mmoja nikiwa nimezama hadi kiunoni na minane nikiwa msimamizi wa waliozama, na bado niliweka sahihi yangu kwenye karatasi inayohusu maji bila kwenda kuyanusa.

Halmashauri yetu ilinituma Majanini nikajifunze. Mji wetu hufurika kila masika, na jua lake la Januari linapasua vichwa, na habari zilikuwa zimetufikia kwamba watu wa Majanini wameyamaliza hayo yote kwa mimea: bustani juu ya mapaa, barabara zinazokunywa mvua, kuta zilizovaa majani. "Wewe unajua maji," mwenyekiti wetu aliniambia. "Nenda ukaone wenzetu wanayafanyaje." Nikapewa daftari jipya na siku kumi.

Nilifika Alhamisi asubuhi. Ilipofika saa saba mchana nilikuwa tayari mtu mkubwa.

Aliyenipokea ni Bwana Makungu, Mkurugenzi wa Kijani, mtu mfupi mwenye suti ya kijani iliyopauka kwenye viwiko na sauti ya mtu aliyesema maneno yale yale mara nyingi mno. Alinipeleka moja kwa moja kwenye Ukumbi wa Baraza. Ukumbi huo uko bondeni kabisa, mahali ambapo mteremko wote wa mji unaishia, na hilo niliona. Niliona pia kwamba kuta zimepakwa rangi mpya, na chini ya ile rangi, usawa wa makalio ya viti, kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kuzunguka ukumbi mzima, kama doa la chai lililokataa kutoka kwenye shuka. Katika kazi yetu mstari ule tunaujua. Nikautazama. Halafu ikaletwa pilau.

Baada ya pilau ikaletwa karatasi. Ilisema kwamba Bonde la Nyuma, lililoko juu ya mji, ni ardhi iliyolala bure, haina faida kwa maji wala kwa watu, na inafaa ijazwe kifusi na zege ili juu yake ijengwe Bustani ya Mfano ya Kunyonya Maji. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya shahidi.

"Lakini mimi sijaliona hilo bonde," nilisema.

"Ndiyo sifa yako, Bwana Msabaha."

Akanieleza. Katika Majanini mkazi wa mahali haruhusiwi kuwa shahidi wa mahali pake, kwa kuwa macho yake yamechafuliwa na mazoea. Ushahidi wa kweli hutoka kwa mgeni, ambaye macho yake bado ni safi. Usafi huo hudumu siku saba. Ikiingia ya nane, naye huhesabiwa kuwa mkazi, na hakuna anayemwuliza tena jambo.

"Kwa hiyo kipofu angefaa zaidi," nikamtania.

"Pendekezo hilo lililetwa," alijibu bila kucheka. "Lilishindwa kwa kura mbili."

Nikatia sahihi. Najitetea kidogo tu: pilau ilikuwa nzuri, na katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniita shahidi wa kitu chochote, ukiondoa harufu.

Ijumaa na Jumamosi nilitembezwa. Kila paa la Majanini lina bustani, kwa amri. Sokoni nilimkuta mama mmoja akichagua mchicha ulionyauka, ilhali nyumba yake, aliyonionyesha kwa kidevu, ilikuwa imebeba mchicha mzuri kuliko wote pale sokoni. Nikamwuliza mbona hauchumi.

"Ukichumwa unapungua," alisema, "na ukipungua Idara inakuja kuuliza umekwenda wapi. Ule wa juu ni wa ripoti, kaka. Wa kula ndio huu."

Barabara kuu ina miti mia mbili, mikubwa, majani yamefungamana kama paa. Kila mti umefungwa utepe mwekundu. Hatua mbili kutoka kwenye kivuli hicho watu walikuwa wamesimama kwenye foleni ya posta, juani, wamejifunika magazeti kichwani. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya karani, aliniarifu kwamba kivuli bado hakijazinduliwa.

"Kitazinduliwa lini?"

"Waziri wa kwanza alifariki wiki ya sherehe. Huyu wa sasa majani yanamtia chafya." Akauonyesha mti kwa fimbo yake. "Nilipoajiriwa ulikuwa unanifika hapa gotini. Sasa nimestaafu, nimekuja kuchukua barua zangu."

"Na hakuna aliyewahi kuingia kisirisiri?"

"Yupo. Alitozwa faini, na kile kivuli alichokalia kikahesabiwa kuwa kimetumika."

Kisha ndipo nikaziona zile barabara zinazokunywa mvua, ambazo ndizo hasa nilizotumwa kuziona. Zimetandikwa matofali yenye vitundu vingi vidogo, kazi safi kabisa, na juu ya matofali yametandikwa maturubai. Mlinzi alinieleza kuwa mvua huleta tope, na tope huziba vitundu, kwa hiyo wingu likionekana tu wao hufunika. Lakini kwa heshima yangu alifunua kipande kama mkeka wa kuswalia, Bwana Makungu akamimina bilauri moja ya maji ya chupa, maji yakazama. Waliokuwapo wakapiga makofi. Mimi nami nikapiga. Mikono yangu ina hatia yake, siyo sahihi peke yake.

"Na mvua yenyewe inakwenda wapi?" nilimwuliza Makungu.

"Inateremka."

"Kwenda wapi?"

Akatazama saa yake.

Jumapili ni siku ya mapumziko, hakukuwa na wa kunitembeza. Mtu aliyezoea mitaro hajui kutembea ovyo, yeye hufuata mtaro. Nikaufuata mmoja kuelekea juu, kwa sababu kuna jambo lilikuwa likinikera tangu Ijumaa: mji ule umefunika kila kinachokunywa maji, na mitaro yake ni myembamba kama ya kuchezea watoto, lakini tope lililoganda ndani yake halikuzidi unene wa kidole. Nilitarajia la kufika kiwiko. Maana yake huko juu kuna mtu, au kitu, kinachoyazuia maji kabla hayajafika mjini. Nikapanda kama saa nzima.

Nilipofika niliona bonde pana kama viwanja viwili vya mpira, limejaa matete marefu kuliko mtu, vichwa vyake vimekauka na kuwa rangi ya udongo. Kulikuwa na vyura, na mbu, na harufu ya majani yaliyooza. Si mahali pa kupigia picha. Lakini mifereji mitatu ilikuwa ikiingia humo kutoka mlimani, na kwenye mdomo wa kila mfereji kulikuwa na mawe yaliyopangwa kwa ustadi, makubwa nyuma, madogo mbele, ili maji yapunguze mbio na takataka zikwame. Nilisimama nikayatazama mawe yale kwa wivu wa fundi. Katikati ya matete mwanamke aliyevaa buti za kiume alikuwa akifyeka kwa panga.

"Ukitaka kujisaidia, nenda kwa jirani," alisema bila kugeuka. "Wanaume wote wanaokuja huku wanaletwa na hilo."

"Mimi nafuata maji, dada."

Hapo akageuka. "Basi wewe ni wa kwanza."

Jina lake Bi Nyamvula. Kazi ile aliipokea kwa mama yake, naye mama yake kwa bibi yake. Hakuna aliyewaajiri na hakuna aliyewashukuru. Hukata matete yaliyokufa ili mapya yaote, husafisha midomo ya mifereji, hurudisha mawe yaliyosombwa. Nyumba arobaini zinazolizunguka bonde huchota visima vinavyojazwa nalo.

"Maji yakija hapa yanapumzika," alisema. "Siku tatu, yakizidi sana nne. Halafu yanazama yanakwenda zake. Kuna mwaka mama aliugua, matete hayakukatwa, mifereji ikaziba. Mvua moja tu, maji yakapita hapa kama hayapajui, yakaenda moja kwa moja mpaka ukumbini. Waheshimiwa walimaliza kikao wamesimama juu ya meza."

Nikaukumbuka ule mstari wa kahawia: maji ya mwaka ule ndiyo yaliyouchora, nami nilitia sahihi nikiwa nimeketi kando yake.

Nyumba yake ilikuwa pale pale ukingoni. Ukutani ilikuwa imepigwa alama nyekundu ya msalaba, bado mbichi. Nikauliza ni ya nini.

"Pale patakuwa lango la bustani yao. Malori yanaanza kumwaga kifusi Ijumaa." Aliufuta ubapa wa panga lake kwa majani. "Sisi wote wa hapa tulikwenda kusema, tukaambiwa macho yetu machafu. Sasa nasikia amekuja mgeni mmoja, amekula pilau yao, akasema hapa hapana faida. Natamani nimwone uso wake."

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri kunyamaza, siwadanganyi.

"Mtazame vizuri, dada," nikasema. "Anao huu mmoja tu, na umeshaharibika."

Alinikagua kuanzia viatu hadi kichwani.

"Ilikuwa na nyama?"

"Ilikuwa nayo."

"Angalau." Akaninyoshea panga. "Shika. Kata yale makavu, mabichi uyaache. Na usinikatie kidole, sina dawa."

Nikafyeka mpaka jua likaanza kushuka. Nimewahi kulipwa kwa kazi nyingi nisizozifanya vizuri, ile nilijitahidi.

Jumatatu ikanyesha. Nilikuwa ukingoni na buti za kuazima zinazonibana, na Bi Nyamvula kando yangu ameshika jembe kama mtu anayesubiri mgeni anayemjua. Mifereji mitatu ilikuja imejaa, myekundu, ikinguruma. Ikagonga mawe, ikapungua, ikaingia kwenye matete, na matete yakayumba kidogo tu, kama msikiti mzima unaporukuu. Robo saa, nusu saa, maji yanaingia, hakuna yanayotoka. Kisha nikateremka mbio mjini kuona. Barabara zilikuwa na maji ya kufika vifundo vya miguu, basi. Mvua ilipokatika maturubai yakafunuliwa, matofali yakaonekana makavu kabisa, na magazeti yakaandika kwamba barabara zinazokunywa zimefaulu tena.

Jumanne asubuhi nilikuwa ofisini kwa Makungu kabla yake.

"Nataka kuifuta sahihi yangu."

"Sahihi ikishawekwa, anayeifuta ni Baraza. Baraza hukaa Alhamisi."

Nikahesabu kwa vidole mbele yake. "Alhamisi ni siku yangu ya nane."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku nilipokuwa sijui kitu nilikuwa shahidi, na siku nitakayosimama nikijua, nitakuwa nani?"

"Mkazi."

"Bwana Makungu, nimekutana na walaghai wengi katika maisha yangu. Wengi walikuwa wanachangamka zaidi yako."

Aliinuka akaufunga mlango. Aliporudi hakukaa.

"Unadhani silijui lile bonde?" alisema polepole. "Nimezaliwa kule juu. Nikiwa na miaka sita nilitumbukia, mama yake Nyamvula ndiye aliyenivuta kwa nywele. Mpaka leo nikisikia harufu ya matete najua mvua ya siku ngapi iko chini yake."

"Basi sema!"

"Nalijua mno. Ndiyo maana siruhusiwi kulisemea." Akakaa, akavuta faili iliyokuwa juu ya rundo. "Miaka ishirini na mbili niko kwenye meza hii, Bwana Msabaha. Ukiniuliza habari za nchi ambayo sijawahi kufika, nitakujibu kwa mamlaka kamili."

Nilirudi nyumba ya wageni nikajilaza na viatu vyangu, mchana kweupe, nikitazama dari. Nimeshapigwa na maisha, na ngumi nyingi nazijua zinatokea upande gani. Inachosha sana kupigwa na mtu ambaye yuko upande wako.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mbingu ilikuwa imeanza kufunga tangu asubuhi, na walinzi walikuwa nje wakitandaza maturubai. Watu wa Bonde la Nyuma walikaa nyuma, Bi Nyamvula mbele yao na zile buti zake. Spika, bwana mmoja mkavu aliyezungumza huku amefumba macho, alitangaza kuwa kabla ya kunisikiliza lazima ijulikane kama macho yangu bado ni safi.

Mjadala huo ulichukua saa mbili na nusu. Mheshimiwa mmoja alisema siku ihesabiwe kuanzia nilipovuka mpaka. Mwingine, kuanzia nilipofungua daftari. Kisha akainuka mheshimiwa wa tatu, kijana wa miwani, akasema jambo lililonifanya nikae wima. Alisema macho yaliyofumbwa hayachafuki. Kwa hiyo saa ambazo mgeni amelala zitolewe. Akapiga hesabu: kwa kulala saa nane kila usiku, mimi sijafikisha hata siku tano.

Ukumbi ukanong'ona. Spika alifumbua jicho moja. Nikamtazama Bi Nyamvula, naye akaniinulia nyusi. Hata ule usingizi wangu wa Jumanne wenye viatu uliongezwa kwenye hesabu. Kwa mara ya kwanza tangu niingie mji ule upuuzi wao ulikuwa unavuta upande wangu, na nakiri niliupenda kwa muda huo.

Ndipo mheshimiwa wa kwanza akaomba niinue miguu.

Nikaiinua. Viatu vyangu vilikuwa na tope la Bonde la Nyuma hadi kwenye kamba.

"Huyu ameingia," alisema. "Amefyeka. Macho labda yamelala, Mheshimiwa Spika, lakini mikono na miguu imeshakuwa wakazi."

Kura zikapigwa. Nikatangazwa kuwa mkazi, nikapongezwa, nikaamriwa kukaa. Sahihi yangu ya siku ya kwanza, ya wakati nilipokuwa sijui lolote, ikathibitishwa kuwa ushahidi pekee uliopo mezani. Malori yaanze kesho.

"Mkazi haruhusiwi kushuhudia," Spika alikariri, macho yamefumbwa tena, "ila sheria inampa swali moja. Yupo mwenye swali?"

Bi Nyamvula akasimama. Nje ngurumo ya kwanza ilipita mbali, kule juu mlimani. Kabla hajasema, Bwana Makungu aliinuka na kitabu cha kanuni, kama kazi yake inavyomtaka. Alisoma bila kuinua uso.

"Mlalamikaji akumbushwe kwamba Baraza halina ugomvi naye. Akileta shahidi mmoja tu, yeyote yule ila aliyekwisha kutangazwa mkazi, ambaye hajawahi kumaliza siku saba mfululizo katika Bonde la Nyuma, na shahidi huyo akaonyesha faida ya bonde hilo, basi bonde litabaki lilivyo. Kanuni haisemi zaidi ya hapo." Akageuza ukurasa ambao haukuwa na haja ya kugeuzwa. "Shahidi wako yuko wapi, mama?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anafunga mlango au anaufungua. Pengine miaka ishirini na mbili ilikuwa imemfundisha kufanya yote mawili kwa mkono mmoja.

Bi Nyamvula alitembea mpaka ukutani. Aliweka kiganja chake juu ya rangi mpya, pale pale kwenye mstari wa kahawia, usawa wa makalio ya viti, akaufuata taratibu kwa vidole hadi nyuma ya kiti cha Spika. Matone ya kwanza yalianza kugonga bati.

"Yuko njiani, Mheshimiwa," alisema. "Jumatatu alikuja kwangu, na leo ameshaondoka, tangu enzi za bibi yangu hajawahi kumaliza siku saba bondeni. Kwa hiyo swali langu ni dogo: mkishanijazia bonde langu, nikawaletea shahidi huyo humu ndani, mtamkalisha kiti gani ambacho hajawahi kukikalia?"